Nyeusi, Nyeupe na Kijivu: Istilahi za Picha za Wacheza Ngoma Mitaani

Katika makala hii tunakusudia kuyachunguza maneno machache yatumikayo katika kueleza picha za wacheza ngoma zilizopigwa katika mitaa yenye watu wengi, hususan picha zile ambazo kwa desturi tunaziita "nyeusi na nyeupe". Huenda msomaji akaliona jambo hili kuwa dogo mno kwa jarida la istilahi, kwani kila mtu anajua nyeusi ni ipi na nyeupe ni ipi. Lakini maneno haya yametoka midomoni mwa watu wa studio yakaingia katika taarifa za ofisi, katika vitabu vya shule na katika vitufe vya mashine. Huko ndiko inakodhihirika kwamba jina moja limebebeshwa dhana mbili, na mtumishi anayezichanganya dhana hizo anaweza, kwa kubonyeza kitufe kimoja, kuufuta uso wa mtu katika kumbukumbu usipatikane tena.

Tumchukue kwa mfano mwalimu wa Igamba, katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe, mkoa uliozaliwa mwaka 2016 kwa kugawanywa Mkoa wa Mbeya. Tuseme mwalimu huyo amefuatana na kikundi cha ngoma hadi Tunduma. Mji huo upo mpakani, na wasomaji waliopita huko wanaijua hali yake: malori yaliyopanga foleni kuelekea Zambia, bodaboda, wabadilisha fedha, wachuuzi wenye mabeseni kichwani. Kikundi kinapata nafasi mbele ya maduka, kinaanza kucheza, na wapita njia wanasimama. Mwalimu anapiga picha kwa simu yake, kisha anaziondoa rangi na kuzitia katika taarifa itakayopelekwa ofisini Vwawa. Taarifa itaskaniwa, itatolewa vivuli, itagawiwa wajumbe, na nakala moja itawekwa katika jalada. Picha ile itapita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kutulia, na kila mmoja wao atafuata neno aliloandikiwa.

Kwa nini aziondoe rangi, hali simu yake inaweza kunasa rangi kwa mamilioni? Sababu ipo katika mtaa wenyewe. Mtaa wenye shughuli nyingi una rangi zinazogombana: mabango ya kampuni za simu, maturubai ya buluu, ndoo za plastiki, taa za magari. Jicho la mtazamaji huvutwa kwanza na ndoo nyekundu iliyopo pembeni, ndipo liende kwa mchezaji. Rangi zikiondoka, hubaki umbo na mwanga, yaani mkono ulionyooshwa, goti lililokunjwa, kivuli kilichoanguka juu ya vumbi. Na kwa mcheza ngoma, umbo la mwili ndilo jambo lenyewe.

Jambo la pili ni mwendo. Ndani ya kamera mna kijilango kinachofunguka na kujifunga ili kupitisha mwanga kwa muda mfupi. Tunaona neno "kilango" lingetosha kabisa kukitaja. Kilango kikifunguka kwa sehemu ya 1/500 ya sekunde, mtu aliyeruka husimama hewani kana kwamba ametundikwa. Kikikaa wazi kwa 1/15 ya sekunde, miguu yake huwa ukungu ilhali ukuta wa duka nyuma yake umetulia wazi. Tena mpiga picha akiigeuza kamera pole pole kumfuata mchezaji, mambo hupinduka: mchezaji huonekana wazi, na mtaa wote hugeuka michirizi. Hapa wafasiri wengine hujiuliza kama picha yenye miguu ya ukungu yaweza kuitwa "picha mnato", istilahi iliyoenea katika taarifa za serikali kwa kuitenga picha ya kawaida na "picha jongefu" (wengine huandika "jongevu"). Jibu letu ni kwamba yaweza. Mnato ni sifa ya picha iliyonata katika karatasi au kioo cha simu. Haihusu kile kilichopigwa picha, ambacho kinaweza kuwa kinakimbia, kinaruka au kimelala.

Rangi mbili au ngazi nyingi

Sasa tuingie katika jina lenyewe. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyochukua upatanisho wa ngeli: -eusi, -eupe na -ekundu. Rangi nyingine zote tumezitaja kwa kuazima majina ya vitu: kijani kutokana na majani, manjano kutokana na kiungo, kijivu kutokana na majivu, samawati kutokana na mbingu. Hizo hazipatanishwi, husemwa "gauni la kijani", "picha ya kijivu". Kwa hiyo picha zisizo na rangi zilipotufikia, ulimi ulikwenda mbio kwa vivumishi viwili ulivyovizoea tangu kale, ikawa "picha nyeusi na nyeupe". Neno likaota mizizi.

Tungeweza kulilaumu kwa upande wa sarufi. Anayesema "picha kumi nyeusi na nyeupe" anaweza kueleweka kwamba ana picha baadhi nyeusi na baadhi nyeupe. Lakini hilo ni lawama la mwanasarufi aliyekosa kazi, maana hakuna aliyewahi kupotea njia kwa sababu hiyo. Vivyo hivyo hatuoni faida ya kuwalazimisha watu waseme "picha isiyo na rangi", kwa kuwa nyeusi nayo ni rangi, na fundi wa rangi za nyumba atatucheka.

Lawama la haki ni jingine. Picha tunayoiita nyeusi na nyeupe karibu yote ni ya kijivu. Itazame picha yoyote ya zamani iliyo ukutani kwenu. Weusi halisi utauona katika mboni za macho na katika kivuli cha mlango, na weupe halisi katika kola ya shati. Vilivyobaki, yaani ngozi, vumbi, mbao, mawingu na nguo, vyote ni kijivu cha viwango mbalimbali, kuanzia kile kinachokaribia mkaa hadi kile kinachokaribia maziwa. Mafundi wa chumba cha giza waliufanya weusi huo kwa chembe za madini ya fedha zilizobaki katika filamu baada ya kusafishwa. Penye chembe nyingi pana weusi, penye chache pana kijivu. Siku hizi simu na kompyuta hugawa kijivu hicho kwa hesabu, na mgawanyo wa kawaida una ngazi 256, kutoka weusi hadi weupe.

Hivyo katika lugha ya kila siku "nyeusi na nyeupe" ni jina la picha yenye ngazi zote hizo. Lakini katika mashine ya kuskani na ya kutoa vivuli, aghalabu hukutwa chaguo tatu: moja ya rangi, moja ya ngazi za kijivu, na moja ambayo kwa Kiingereza nayo huitwa nyeusi na nyeupe. Chaguo hii ya tatu haina kijivu hata kimoja. Mashine hupiga mstari katikati ya ngazi 256; kila kilicho chini ya mstari hukifanya wino, na kila kilicho juu hukiacha karatasi. Chaguo hiyo imewekwa kwa ajili ya barua na hati zilizopigwa chapa, ambapo herufi ni nyeusi na karatasi ni nyeupe. Jalada huwa jepesi na maandishi husomeka vizuri.

Mfasiri aliyepewa kazi ya kuandika vitufe hivyo kwa Kiswahili akiandika "nyeusi na nyeupe" penye chaguo ya tatu, amefasiri maneno sawasawa na kuipotosha kazi. Karani mwenye picha ya wacheza ngoma mkononi, aliyekwisha kuambiwa kwamba ni picha nyeusi na nyeupe, atabonyeza kitufe chenye jina hilo hilo. Hana kosa. Amefuata istilahi.

Na matokeo yake ni mazito kuliko ukungu wa kawaida, hasa kwa picha za kwetu. Kipimo cha mwanga kilichomo katika kamera hakijui kinatazama nini. Hukadiria tu kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, kitatoa kijivu cha wastani. Sasa mweke mcheza ngoma mwenye kanzu mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar, saa sita mchana. Kamera inaona weupe umezidi, inapunguza mwanga, na uso wa mtu mweusi unashuka hadi ngazi za chini kabisa. Mpiga picha hodari anaijua hila hiyo. Husogea akaupima mwanga kwenye uso wenyewe, au huongeza mwanga kwa makusudi na kuuacha ukuta uungue, ili uso ubaki na ngazi zake: paji la uso linalong'aa kwa jasho, kivuli cha shavu, mkunjo wa cheko. Ngazi hizo zote hukaa chini ya ule mstari wa katikati. Mashine ikiamriwa ifanye weusi na weupe tu, uso mzima unakuwa doa la wino, na kanzu inakuwa karatasi. Hubaki vazi linalocheza bila ya mwenyewe.

Ikiwa karatasi ya asili ingalipo, hasara ni ndogo. Lakini ofisi nyingi huskani ili zipunguze makaratasi, na picha za zamani hupotea kwa mchwa na unyevu. Nakala ya mashine ndiyo itakayokuwa ya asili kesho.

Kwa sababu hii tunapendekeza dhana hizi mbili zitengwe kwa majina. "Picha nyeusi na nyeupe" ibaki kama ilivyo katika mazungumzo, magazetini na shuleni, kwa maana ya picha isiyo ya rangi. Hatuna haki wala nguvu ya kuwanyang'anya watu neno lao. Katika maandishi ya kitaalamu, maelekezo ya ofisi na vitufe vya mashine, chaguo ya kati iitwe "ngazi za kijivu", au "kijivu" pale kitufe kinapokuwa kidogo, na chaguo ya tatu iitwe "weusi na weupe tu". Tumetumia nomino, weusi na weupe, kwa makusudi, ili jina la kitufe lisifanane kwa sura na jina la picha. Maelekezo ya karani yatakuwa mepesi: picha nyeusi na nyeupe huskaniwa kwa kijivu. Likisomwa kwa haraka, agizo hilo litamfanya mtu asite kidogo na kuuliza, na kusita huko ndiko tunakokutaka.

Yupo atakayetukumbusha kwamba picha za magazeti ya zamani zilichapwa kwa wino mweusi mtupu. Ni kweli. Mpiga chapa alizivunja ngazi za kijivu kuwa vidoti vidogo mno, vikubwa penye giza na vidogo penye mwanga, na jicho likavichanganya tena likaona kijivu. Mtu akitoa kivuli cha picha ya namna hiyo, vidoti huvimba na kushikana, na hali huwa mbaya maradufu.

Yafaa pia tukumbuke rangi ya tatu, ile iliyoachwa nje ya jina. Filamu za mwanzo hazikuuona wekundu. Kilichokuwa chekundu kilitokea cheusi. Baadaye zilikuja filamu zinazouona, nazo huutoa wekundu kama kijivu. Chukua kanga ya kisutu, ambayo kwa asili ni ya rangi tatu, nyeupe, nyeusi na nyekundu, yaani zile zile tatu za vivumishi vyetu vya kale. Mwanamke aliyeivaa akicheza mtaani mbele ya kamera ya zamani, wekundu na weusi wa kisutu chake utaonekana kitu kimoja. Anayeandika maelezo ya picha kwa kuitazama tu ataandika "kanga nyeusi", na huenda msomaji akadhani ni msiba, kumbe ilikuwa arusi. Kwa hiyo maelezo ya picha isiyo ya rangi hayapaswi kutaja rangi ya nguo ila kwa ushahidi wa mtu aliyekuwapo, au wa nguo yenyewe.

Nani aliyepiga?

Kitenzi "kupiga" kinatutumikia kwa mambo mengi: pasi, simu, chapa, hodi, ngoma. Mtu anaweza kuandika bila ya kosa kwamba mpiga picha aliwapiga picha wapiga ngoma. Utajiri huu si tatizo. Tatizo lipo katika nani hasa ni mtenda.

Mtu akisema, "Jana nilikwenda studio kupiga picha," tunaelewa kwamba alipigwa. Aliketi kwenye kiti, akanyoosha shingo, na mtu mwingine ndiye aliyeishika kamera. Hivyo ndivyo magazeti yanavyoandika kwamba wajumbe "walipiga picha ya pamoja na mgeni rasmi". Hakuna mjumbe aliyeshika kamera. Lakini tukisema, "Nilipigwa picha nikiwa sokoni," maana imebadilika. Hapo msemaji hakutaka, au hakujua. Wasemaji wa Kiswahili wameifanya tofauti hii wenyewe, bila ya kufundishwa na kamati: "alipiga picha" yaweza kumaanisha kwamba alijitoa kwa hiari, na "alipigwa picha" huelekea kumaanisha kwamba jambo lilimfika.

Kwa mfasiri hii ni bahati na pia ni mtego. Sentensi "wacheza ngoma walipiga picha barabarani" ina maana mbili, na ikiwa katika taarifa ya kiserikali maana hizo zina uzito. Iwapo wachezaji waliombwa, wakakubali, wakajipanga, na iandikwe kwamba walipiga picha mbele ya fulani au kwa ombi la fulani. Iwapo walikuwa katika ngoma yao na mtu akawanasa, iandikwe kwamba walipigwa picha na fulani. Tangu kutungwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, mtumishi wa umma hawezi tena kulichukulia suala la ridhaa kuwa adabu tu. Ni vema sentensi yake imsaidie kulijibu.

Tofauti hiyo inagawa pia aina mbili za kazi ambazo watu huzichanganya chini ya jina la "picha za wacheza ngoma mitaani". Katika miji ya ng'ambo wapo wapiga picha wanaowachukua wacheza dansi waliofunzwa na kuwapeleka mitaani ili warukie katikati ya wapita njia. Jordan Matter, mpiga picha wa New York, alitoa kitabu cha namna hiyo mwaka 2012, ingawa picha zake ni za rangi. Huko mtaa ni jukwaa lililoazimwa. Katika picha nyingi za kwetu mtaa ni mahali pa ngoma yenyewe. Ngoma ingechezwa hata kama kamera isingefika. Baina ya hizo mbili pana kazi kama za Jean Depara, aliyepiga picha starehe za usiku za Léopoldville, ambayo sasa ni Kinshasa, katika miaka ya 1950 na 1960, na za Malick Sidibé wa Bamako, ambaye picha yake mashuhuri ya kaka na dada wakicheza ni ya mwaka 1963. Wachezaji wa Depara na Sidibé walijua kwamba kamera ipo na walicheza pamoja nayo. Walipiga picha, kwa maana ya Kiswahili.

Ngoma, dansi, beni

Neno "mchezaji" peke yake halifai katika maelezo ya picha, kwa sababu msomaji wa kwanza atakayekutana nalo atatafuta mpira. "Mcheza ngoma" na "mcheza dansi" (Kenya husemwa "densi") yanatosha, na "mnenguaji" tungelihifadhi kwa yule wa jukwaani mbele ya bendi, ambako ndiko lilikozoeleka. Tunawasihi wafasiri wasilipeleke neno hilo kwa wazee wanaocheza ngoma ya jando au ya mavuno.

"Ngoma" lenyewe ni neno pana kupita kiasi. Ni chombo kinachopigwa, ni mchezo unaochezwa, na ni shughuli nzima inayowakusanya watu. Upana huo hauna madhara kwa msemaji aliyepo uwanjani. Madhara huja katika kumbukumbu. Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani kina mkusanyo wa Winterton, wenye picha zipatazo 7,500 za Afrika Mashariki za kati ya mwaka 1860 na 1960. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt nayo ina hazina kubwa ya picha za enzi ya Wajerumani. Picha za zama hizo karibu zote si za rangi, na walioziandikia maelezo aghalabu walikuwa wageni, waliotosheka na neno kama "ngoma" au "wenyeji wakicheza". Mfasiri wa leo akirudisha "ngoma" kwa "ngoma", hajaongeza kitu.

Chukua mfano wa beni. Ngoma hii ilianza katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19. Ilikuwa ngoma ya mtaani hasa: wachezaji waliovaa sare walipita kwa gwaride, wakiwa na vyeo vyao na tarumbeta zao, vyama viwili vikishindana kwa mavazi na kwa ukarimu. Tanganyika vyama mashuhuri vilikuwa Marini na Arinoti. Vita vya 1914 hadi 1918 viliwachanganya askari na wapagazi wa nchi nyingi, na baada ya vita waliichukua beni hadi bara, wakaifikisha Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambazo leo ni Malawi na Zambia, majirani wa Songwe. Terence Ranger aliiandika historia hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1975. Hata neno lenyewe lina historia ya kupendeza: "beni" na "bendi" ni neno moja la Kiingereza lililoazimwa mara mbili. La kwanza lilipata ngoma na mashindano yake, la pili likabaki na wapiga vyombo.

Picha ya beni iliyoandikwa "ngoma ya wenyeji" imepoteza chama, cheo na ushindani, yaani mambo yote yaliyowafanya wale watu wavae vile na kupita mtaa ule. Mtazamaji ataona watu waliovaa sare za kizungu, na pengine atacheka, akidhani waliiga tu.

Mfano mwingine ulio wazi zaidi ni kalela, ngoma iliyofuata njia ya beni katika miji ya migodi ya Zambia. J. Clyde Mitchell aliieleza katika kijitabu cha mwaka 1956, kutokana na aliyoyaona Luanshya. Vijana walicheza wakiwa wamevaa nadhifu, suruali zilizopigwa pasi na viatu vinavyong'aa. Walikuwa na mfalme wao, na daktari aliyevaa joho jeupe lenye msalaba mwekundu, na muuguzi wa kike aliyepita na kioo na leso ili kila mchezaji ajione kama yu safi. Hebu tuipitishe ngoma hiyo katika njia tuliyokwisha kuieleza. Katika filamu, msalaba mwekundu umekuwa kijivu. Katika nakala iliyoskaniwa kwa weusi na weupe tu, msalaba umekuwa mweusi na daktari amefanana na kasisi. Uso wake haupo. Katika maelezo yaliyofasiriwa, yeye ni "mchezaji". Hapo mtu mmoja amebadilishwa kazi, amenyang'anywa sura na ameondolewa jina la ngoma yake, na hakuna aliyefanya hila.

Mahali napo pana shida yake, ingawa tutaigusa kidogo tu. "Mtaa" ni njia ipitayo kati ya nyumba, ni sehemu ya mji wanamokaa watu, na katika miji yetu ni ngazi ya serikali yenye mwenyekiti na ofisi. "Wacheza ngoma wa mtaa" na "wacheza ngoma mtaani" ni watu wawili tofauti: wa kwanza ni wakazi, wa pili wanaweza kuwa wametoka mbali. Kikundi cha Igamba kilichopigwa picha Tunduma kisiandikwe "cha mtaa" wowote wa Tunduma. Kama ni kando ya barabara kuu, iandikwe barabara. Kama ni uchochoro, uandikwe uchochoro.

Hatujasema lolote juu ya "kusafisha", nalo linahitaji tahadhari. Mafundi wa studio walilitumia kwa kazi ya kuitia filamu dawani hadi sura itokee, na wengine kwa kazi yote hadi kuchapwa kwa picha. Sasa mtunza kumbukumbu anaweza kupewa sanduku la negativu kuukuu na agizo la kuzisafisha. Je, azipanguse vumbi, azioshe kwa maji, au azichape? Tunapendelea "kusafisha" libaki kwa filamu mpya peke yake, "kuchapa" litumike kwa kutoa picha katika karatasi, na kwa vumbi iandikwe wazi "kupangusa". "Negativu" tunaliacha. Wapo wanaotaka "picha hasi", kwa kuwa hisabati inayo hasi na chanya, lakini "hasi" limekwisha kubeba ubaya katika lugha ya habari, na hatutaki mtu alitupe sanduku akidhani lina picha za aibu.

Tumalizie kazi ya mwalimu wetu. Maelezo yake ya picha yaweza kuwa hivi: "Kikundi cha ngoma kutoka Igamba, Wilaya ya Mbozi, wakicheza kando ya barabara kuu, Tunduma. Walipigwa picha na mwalimu wao, kwa ridhaa yao. Picha nyeusi na nyeupe, imetolewa katika picha ya rangi. Iskaniwe kwa kijivu." Baada ya hapo aandike jina la ngoma kwa lugha ya wachezaji wenyewe, kama wao wanavyolitamka, na majina ya watu, kuanzia kushoto.